Tulikula Sahani Moja, Sasa Anataka Niape Uongo

Admin, tafadhali ficha jina langu na la ofisi yetu, kwa sababu mtu ninayemwogopa pia husoma ukurasa huu. Nina miaka ishirini na minne, nimezaliwa Nkubu, na ni karani katika ofisi ya wakili mjini Meru. Sijaoa. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Nilipoanza kazi sikuwa na mtu mjini. Nilikuwa nikipika ugali kwa chumba changu na kula nikitazama ukuta, mpaka nilipoijua hoteli ya Mama Kinya nyuma ya soko. Pale bei ni ya chini, sahani inajaa, na hakuna meza ya mtu mmoja. Unabanwa kwenye benchi kati ya fundi na mwalimu, mchuzi unaongezwa bila kuomba, na kabla hujamaliza chapati unajua habari za mji mzima. Watatu tukazoeana hata tukawa tunachangia nyama: mimi, Njeru, fundi wa viatu kutoka Embu ambaye hakuna aliyemshinda kwa utani, na Muthomi, muuza ndizi wa Mitunguu. Nyama katikati, kila mtu na mukimo wake wa viazi na mahindi. Sikuwa nimefurahi vile tangu nitoke nyumbani.

Siku moja Muthomi aliniuliza ukoo wetu. Nilipoutaja aliacha kula, akanishika mkono na vidole vyake vya mafuta. "Kumbe wewe ni gichiaro wangu!" Kwa wasiojua, gichiaro ni udugu ambao mababu wa koo mbili waliufunga kwa kiapo cha damu. Watu wa gichiaro hawadhuriani. Akikuomba kitu humnyimi, na ukimnyima laana inakufuata wewe na watu wa nyumba yako. Njeru akacheka. "Karani, umekwisha! Leo ataomba nyama, kesho ataomba shamba." Nami nikasukuma kipande kikubwa upande wa Muthomi, nikasema mbele ya wote, "Chukua, ndugu yangu, siwezi kukunyima kitu." Kwangu ulikuwa mzaha. Kwake haukuwa.

Mwezi uliopita, saa ya chakula cha mchana, Muthomi aliingia amenyamaza. Mkewe alikuwa amerudi kwao na watoto, na sote tulijua. Alipoenda kunawa mikono, Njeru akachukua mfupa wa mwisho.

"Nani amekula?" Muthomi akauliza.

"Baite, ulikawia," Njeru akamjibu kwa jina la utani la Wameru. "Hata bibi alichoka kukungoja, sembuse nyama?"

Benchi nzima ilicheka. Hata mimi.

Muthomi aliinua sufuria ya supu iliyokuwa ikichemka jikoni karibu na mlango, akammwagia Njeru usoni. Njeru alipiga mayowe akijishika macho, na ngozi ikamfuata viganjani. Watu wakakimbia wakikanyagana. Mimi nilikuwa nimebanwa pembeni kwenye ukuta, Njeru kando yangu, sina pa kupita. Muthomi akachukua kisu cha kukatia nyama juu ya gogo. Njeru hakuwa anaona. Alinyoosha tu mikono mbele akisema, "Nisamehe, ndugu, nilikuwa natania." Kisu kikashuka, na vidole viwili vikabaki mezani kati ya sahani. Akamkata begani, halafu shingoni chini ya sikio. Damu iliruka ikanilowesha shati na mdomo, nikaionja chumvi yake. Kisha Muthomi akanigeukia, kisu bado mkononi, akasema kwa upole, "Wewe usiogope. Wewe siwezi kukugusa."

Njeru hakufa. Polisi walipouliza, kila mtu alisema alikuwa ametoka. Mama Kinya mwenyewe alisema alikuwa nyuma akipasua kuni. Shahidi nimebaki mimi. Muthomi yuko nje kwa bondi ya mahakama akingoja kesi, na anasema Njeru ndiye aliyeshika kisu kwanza, yeye alijitetea tu.

Jumapili mimi na mama tukitoka kanisani tulimkuta nyumbani kwetu Nkubu. Alikuwa ameleta sukari. Aliketi jikoni, akanywa chai ya mama, akamshukuru.

"Mama, mimi simtishi mtoto wako. Namwomba tu. Aseme Njeru alishika kisu kwanza."

"Muthomi, alikuwa haoni!" nikasema. "Alikuwa anakuomba msamaha!"

"Nimekuomba," akarudia. "Mbele ya mzazi wako, nimekuomba."

Alipoondoka mama alilia. Yeye huongoza maombi ya akina mama kanisani, lakini aliniambia, "Mwana wakwa, mwanangu, baba yako mdogo alimnyima gichiaro maji ya kunywa. Wale watoto wake, si tuliwazika wote?"

"Na uongo kortini, mama?"

"Mungu husamehe. Gichiaro haisamehi."

Juzi nilienda hospitali. Jicho moja la Njeru limeharibika kabisa, na mkono wa kushonea viatu umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alijua sauti yangu nilipomsalimia. "Karani, umekuja? Waambie tu ulichoona. Wanasema huenda mimi ndiye nitashtakiwa." Nilimwambia apone haraka.

Sasa sili vizuri wala silali. Jumatatu ijayo nitasimama kortini, mahali pale pale ambapo kazi yangu huwa ni kuwaelekeza mashahidi wetu na kuwaeleza uzito wa kiapo. Nikisema kweli, naogopa laana itakayomwangukia mama, na sijui kama mkono wa Muthomi utaendelea kuniheshimu nikishavunja gichiaro. Nikidanganya, mtu aliyekatwa akiomba msamaha atafungwa kwa sababu yangu. Wazee wa Meru mlio hapa, kuna njia ya kujitoa katika ombi la gichiaro bila kumwangamiza mtu? Na nyinyi wengine, mkiwa na mama kama wangu na rafiki kama Njeru, mngefungua mdomo mseme nini? Nijibuni kabla ya Jumatatu, nawasihi.