Mama anataka akatwe ini mara ya pili, sisi tunajua haiwezekani

Admin, nifichie jina, maana hapa Kyela ndugu zangu wengi wanasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Bondeni na kazi yangu ni ushonaji. Mama yangu anaishi Ndandalo, kwenye shamba la kakao alilolima na marehemu baba. Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye anafundisha mkoa mwingine.

Mwaka juzi mama alianza kulalamika maumivu chini ya mbavu, upande wa kulia. Akakonda, chakula akawa anaonja tu na kusukuma sahani. Tulipewa rufaa mpaka hospitali kubwa, wakakuta uvimbe mkubwa kwenye ini. Saratani. Daktari akasema umekaa upande mmoja, atajaribu kuukata pamoja na kipande cha ini, ila mama anaweza asiamke, na hata akiamka uvimbe unaweza kurudi. Mama akamjibu, "Kata, baba. Nikibaki nao nakufa tu."

Jamani, akainuka. Alirudi na kovu refu tumboni, akawa anawaonyesha wanawake wenzake wa kanisani bila aibu. Alivuna mpunga misimu miwili kwa mikono yake. Alikuwa akija kwangu na samaki aina ya mbasa, ananikuta kwenye cherehani, ananiambia, "Gwe mwanangu, inuka unipikie, nina njaa." Mtu ambaye alikuwa hawezi kumeza uji! Ndiyo maana anauamini ule upasuaji kuliko kitu chochote.

Mvua zilipoanza macho yake yakawa ya njano, tumbo likajaa maji. Kaka akaomba ruhusa kazini, tukampeleka kwa daktari yule yule. Baada ya vipimo akatuita mimi na kaka, mama tukamwacha nje kwenye benchi amesinzia. Daktari akasema, "Umerudi pande zote, na umeingia kwenye mshipa mkubwa wa damu. Ini lililobaki limechoka. Nikimfungua tena atafia mezani." Nikauliza, hata kidogo hakuna? Akasema kuna dawa za maumivu, na kumtoa maji tumbo likimbana. Akasisitiza mama aambiwe, ni haki yake. Kaka akamjibu, "Tuachie sisi, tutamwambia nyumbani." Tulipotoka akanishika mkono. "Ukimwambia, kesho tunazika. Mwache na tumaini lake." Tukamdanganya mama kwamba anaanza na dawa kwanza. Kaka akarudi kazini kwake, mimi nikabaki na ule uongo.

Kila siku mama anauliza lini anakatwa. Nilisema daktari yuko likizo. Nikasema mashine imeharibika. Wiki iliyopita nilikuwa namwogesha, miguu imevimba mpaka ukibonyeza kidole kinaacha shimo, akaniuliza, "Mwanangu, mmenichoka? Kama shida ni hela, uzeni shamba. Nikifa shamba la nini?"

Nikamwambia siyo hivyo, mama.

"Basi ni nini?"

Nikachukua taulo, nikaanza kumkausha miguu. Akageukia ukutani.

Kumbe ameshawaambia wenzake wa kanisani kwamba watoto wake hawataki atibiwe. Jumapili wakaja kundi zima, wakajaa sebuleni kwa mama. Kiongozi wao, mama mtu mzima ambaye siku zote ananiita mwanangu, safari hii hakunitazama. Akasema, "Huyu ametuuguza wote hapa. Kama ninyi mmeshindwa, sisi tumechanga." Akamwekea mama pesa mapajani. Mama alilia kwa furaha, "Ndaga, ndaga fijo," anawashukuru mmoja mmoja mpaka sauti ikakauka. Mmoja wao alikuwa amevaa gauni nililomshonea mwenyewe, akaondoka bila kuniaga. Nilitaka kuwaambia ukweli wote pale pale. Lakini mama alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nimeshasahau anavyocheka.

Kaka kwenye simu anasema nisithubutu. Mume wangu anasema niseme, kwa sababu mama akijua atapata nafasi ya kuaga watu wake na kusema anataka azikwe wapi. Kwa pesa ile mama ameshaamua, Jumatatu asubuhi ndiyo tunapanda gari kwenda hospitali, begi ameshafungasha. Nikimwambia sasa, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee kinachomwinua kitandani, na atajua kwamba mwanawe alikuwa akimdanganya huku anamlisha. Nikinyamaza, atasafiri barabara yote ile na tumbo lile, halafu aambiwe na daktari kwamba hakuna upasuaji, akiwa ugenini, na mimi nimekaa pembeni yake najifanya nasikia kwa mara ya kwanza. Naogopa hatafika tena nyumbani akiwa hai.

Jana jioni ameniuliza safari hii nani atakaa naye wodini akishakatwa. Nikamwambia, "Mimi, mama." Akatabasamu, akalala.

Ninyi mliowahi kuuguza wazazi, msinitukane, nisaidieni mawazo. Nimwambie kabla ya Jumatatu, au nimwache apande gari? Na kama ni kumwambia, naanzaje?