Jogoo Aliyetaga

Nikinusa pumba za ulezi, namkumbuka baba na ujuaji wake. Alikuwa mnyapara kwa Mzungu wa kahawa, basi hata ndege alijifanya anawajua. Alinasa kware wawili, akawafuga kwenye tenga, akiwalisha pumba za ulezi. Mkubwa mwenye kifua chekundu akamwita jogoo. Mdogo wa rangi ya vumbi akawa mke.

Mayai matatu yalipoonekana, akamsifu mke. La nne jogoo alilitaga mbele ya wageni waliotoka kanisani, na yule mdogo akaja kuyalalia yote.

"Baba watoto, kumbe jogoo ni huyu mdogo; kware wa aina hii, dume ndiye hulalia mayai," mama akasema.

Baba akamchinja yule mkubwa, eti mkosi, akamla peke yake. Mdogo hakuyaacha mayai. Mpaka leo nikisikia neno baba, namwona yule kware mdogo.