Mmea Chini ya Dirisha

Mama mkwe alipokuja kwetu mtaa wa Komarock kutoka Kakamega, kikapuni, chini ya ndizi, alikuwa na mche uliofungwa kwa kitambaa kibichi. Majani yake yalikuwa ya kijani yenye mabaka meupe, kama yaliyorushiwa chokaa. Kabla chai haijachemka alikuwa ameshaupanda, tena chini ya dirisha la chumba chetu cha kulala.

"Ni mmea gani, Mama?"

"Maua tu. Yakianza kutambaa usiyakate."

Jibu hilo halikuniridhisha. Tulikuwa tumeishi miaka kadhaa bila mtoto, naye hakuwahi kunisema. Ukimya wake ndio ulionitia hofu. Alipoondoka nilifukua udongo kwa kijiko, nikitafuta hirizi iliyozikwa. Nilipata mizizi na kigae cha chupa.

Jirani yangu, anayeuza mitumba soko la Muthurwa, alinichungulia juu ya ukuta. "Sasa mbona hapo kwa dirisha? Si kuna nafasi kwa geti?" Akaendelea kuanika nguo.

Mume wangu alicheka nilipomweleza. "Mama anapenda maua." Niliona amecheka haraka mno.

Mmea haukurefuka. Ulitanda tu, tawi juu ya tawi, hadi udongo wote pale ukafunikwa. Niliumwagilia maji kwa kuogopa kwamba ukikauka nitalaumiwa mimi. Mama akipiga simu aliuliza hali yangu, kisha ya mmea, nami nikasikia kama ni swali moja.

Alirudi wakati wa mvua. Tukiwa tunachambua kunde, nikashindwa kuvumilia. "Mama, pale dirishani ulipanda nini hasa?"

Akaweka kunde chini. "Kumbe umekuwa ukiniogopa?"

Nikainamia kunde zangu.

"Ukuta wenu ulikuwa umerukiwa na matope ya mvua mpaka juu. Mmea ule unayazuia. Kwangu nimeuzungusha nyumba nzima." Akachukua tena kunde. "Na nilipokuwa naupanda, nilikuombea."

"Uliniombea nini?"

"Hayo ni yangu na Mungu, mwanangu."

Tukamaliza kunde. Ni kweli ukuta siku hizi ni safi, na jirani ameshaomba kitawi akapande kwake. Mama akija tunaupogoa pamoja, yeye upande huu, mimi ule. Tunapiga soga vizuri tu. Ila akiinama kushika udongo, macho yangu huenda kwenye mikono yake.