Safura ya Mwalimu wa Afya

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka ule tuliopata uhuru, Mkaguzi wa Afya wa Msambweni alinikabidhi picha ya mnyoo.

"Hii ndiyo safura," alisema. "Huingia kwa nyayo, ikanywa damu tumboni. Wafundishe watu kuchimba vyoo na kuvaa viatu."

Nilikuwa pia mwinjilisti wa kanisa letu, kule Shimba Hills tulikogawiwa mashamba sisi watu wa bara. Nilifunga mara kwa mara, na viatu vyangu vilikuwa vya Jumapili tu. Niliamini kuudhoofisha mwili ndiko kumkaribia Mungu. Nilipoanza kuhema vilimani, nilishukuru: nafsi inakufa.

Siku moja nilifundisha uani kwa Bi Mwanakombo, mama wa Kidigo. Majirani walijaa. Nilipoinua ile picha, macho yaliingia giza. Nilizinduka nikiwa chini, suruali imelowa mkojo, Bi Mwanakombo akinifunika kwa leso yake.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimefunga, mama."

"Hata sisi twafunga. Lakini magharibi twafuturu. Wewe wafuturu lini?"

Hakuna aliyecheka, afadhali wangalicheka.

Kesho yake nilipeleka choo changu kupimwa katika kituo cha afya nilichofanyia kazi mwenyewe, ndani ya kibiriti kitupu, kama tulivyowaagiza wagonjwa. Dresa, yule mfunga vidonda niliyekula naye kila siku, alikipokea akitazama ukutani.

Mkaguzi aliniita. "Mwalimu, ni safura, tena nyingi. Nikuombee uhamisho?"

"Hapana, bwana. Nikipona, nirudishe kijiji kile kile."

Nilirudi nimevaa viatu, nikawaeleza nilichougua. Bi Mwanakombo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawaambia wanawe wakachimbe choo.

Kuanzia hapo nilijizoeza kula kwa wakati na kulala mapema, nikivihesabu kuwa ibada. Haikuwa rahisi; mara nyingi nilijiona mvivu mbele za Mungu.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kanisa huja kuniuliza siri ya maombi, nami huanza kwa kuwauliza wamekula nini, wamelala vipi. Hudhani imani yangu imezeeka. Ningeweza kuwasimulia habari ya uani kwa Bi Mwanakombo, wangeelewa mara moja. Kila nikifungua kinywa, uso hunishuka. Ndiyo maana leo nimeandika.