Shikamoo Niliyompa Mtawa

Shwaa… shwaa… shwaa. Fagio la chelewa juu ya majani makavu. Enzi zetu kila uwanja wa Kisarawe uliamka na mlio huo, lakini ninaousikia mimi mpaka leo ni ule wa Dar es Salaam, nje ya hekalu la Mabudha, siku mwalimu alipotupeleka kujifunza dini za wenzetu.

Bibi yangu hakuitaka safari ile. "Nenda, Tatu," akasema mwishowe, "lakini nikisikia umeipigia goti sanamu, shule basi. Utakwenda kuamia ndege kwenye mpunga." Nami nilivyoipenda shule, jamani! Nilikuwa naota kuwa mwalimu, nivae viatu vya kisigino viseme ko, ko, ko.

Tukapanda lori, mihogo ya kuchemsha mapajani, vumbi likatutia mvi kabla hatujafika Pugu. Njiani mwalimu akatusimulia kwamba Budha alikuwa mwana wa mfalme, akaliacha jumba lao, akaketi chini ya mti kutafuta dawa ya mateso ya binadamu.

"Na wali wa kwao akauacha?" akauliza Zuhura, jirani yetu.

"Akauacha."

"Mh! Sasa mateso si ndiyo hayo?"

Hekaluni wenye viatu wakavua. Sakafu baridi kama maji ya mtungini, ubani unanukia. Mtawa, mzee aliyevaa shuka la rangi ya bizari, akaacha fagio lake akaja kutupokea. Nilikuwa mbele, na kwetu msichana humwamkia mkubwa kwa goti. Nikashuka. "Shikamoo, babu!"

Akaunganisha viganja, akainama kidogo. Loo, shikamoo isiyoitikiwa! Nikadhani hasikii vizuri, nikairudia kwa sauti, goti bado liko chini.

"Tatu kapigia goti sanamu!" Zuhura akapiga kelele.

Nikainua macho. Kweli, sanamu ilikuwa nyuma ya mzee, imetulia, inanitazama. Mwalimu akatueleza kwamba maua yaliyokuwa miguuni pa sanamu huwekwa pale ili watu wakumbuke kuwa kila kizuri hunyauka. Mimi nikaiona shule yangu ikinyauka.

Tuliporudi, Zuhura alifika kwa bibi kabla yangu, anahema. Nikamkuta bibi mlangoni, ungo mkononi.

"Ulimpigia goti nani?"

"Mzee wa pale, bibi. Sanamu ilikuwa nyuma yake."

"Akakuitikia?"

"Mwalimu kasema hajui Kiswahili. Alifanya hivi." Nikaunganisha viganja.

Bibi akacheka mpaka pumba zikamwagika. "Masikini mzee wa watu! Kaamkiwa vizuri, kakosa la kujibu. Kesho shule, usichelewe. Na wewe Zuhura, umeingia na umbeya wako, shikamoo yangu iko wapi?"

Watoto wa siku hizi shikamoo wanakurushia huku wanakimbia. Ukifungua mdomo kuitikia, wameshapinda kona, umebaki na marahaba yako mdomoni. Ya kwetu ilikuwa na goti, na ilisubiri jibu.

Ndiyo maana jioni ile nilikwenda nyuma ya jiko peke yangu, nikaelekea upande wa Dar es Salaam, nikaunganisha viganja, nikajiitikia kwa niaba yake: "Marahaba, mjukuu wangu."