Bwana Harusi na Masikio ya Rangi ya Bilinganya

Masikio ndiyo yaliyotangulia.

Nilitoka asubuhi na ndoo ya pumba, nikafungua banda, nikakuta nguruwe wangu, weupe wote kama unga, wamelala wamelaliana. Masikio yao yamegeuka rangi ya bilinganya.

Sitanii. Bilinganya kabisa, ile iliyoiva na kung'aa.

Nikamshika mmoja sikio. Baridi. Lakini tumbo lilikuwa la moto, na alihema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia kichwani.

Wiki iliyotangulia walikuwa wamechanjwa. Aliyewachanja ni mke wa mwanangu.

Nikaitua ndoo palepale, nikaenda kwa jirani yangu, yule tunayemwita Mama Redio kwa sababu habari ikiingia kwake hailali. Nikamwambia maneno matatu tu.

"Ni ile sindano."

Yashikeni hayo maneno. Nitayarudia, na sitapenda kuyarudia.

Mkwe wangu ni msaidizi wa daktari wa mifugo. Ana sanduku la baridi la kuning'iniza begani, buti za mpira, na tabia ya kuulizauliza. Mwanangu ni dereva wa lori, nyumbani kwake ni kama mgeni, kwa hiyo tunaoishi humo ni sisi wawili. Uji wangu anaupika yeye. Kucha za miguu ananikata yeye, maana kiuno changu kimegoma kuinama. Nawaambia hayo ili mjue ni mtu gani.

Sisi wafugaji wa mtaa wetu tuna kikundi, na dume la mbegu tunalo moja, tulilichangia. Jina lake Bwana Harusi, kwa sababu kila akitoka nje ni kwenda kuoa. Kila msimu analelewa na mtu mmoja, na huyo mlezi ndiye anayebembelezwa mtaa mzima.

"Shikamoo mama. Kesho bwana ana nafasi?"

"Marahaba. Nitaangalia."

Utamu ulioje kusema nitaangalia. Mimi niliyeishia darasa la saba, ambaye maisha yangu yote naambiwa subiri. Msimu huu mlezi nilikuwa mimi.

Kanuni ya kikundi ni moja tu. Jike akitupa mimba kwa mlezi, dume hatoki bandani mpaka akaguliwe.

Kabla ya siku ya chanjo, jike wangu mkubwa akatupa mimba.

Nilivikuta vitoto kwenye majani makavu, vidogo, ngozi laini kama karatasi iliyolowa. Mama yao amekaa pembeni, ananusa na kurudi, ananusa na kurudi. Sikumfikiria yeye. Nilichofikiria ni kwamba sasa Bwana Harusi atafungiwa, halafu atapelekwa kwa mlezi mwingine.

Nikachukua jembe, kiuno kikilia. Nikavizika nyuma ya bafu, nikaburuza jiwe la kufulia nikaliweka juu. Nikanawa mikono kwa sabuni, na kucha nikazisugua.

Mama Redio alipokuja kumchukua dume, nilimtoa mwenyewe. Nilimpiga brashi hadi mgongo ukang'aa.

Siku ya chanjo, mkwe wangu aliuliza kabla ya kufungua sanduku.

"Mama, kuna aliyekohoa? Aliyeacha kula? Aliyetupa mimba?"

"Hakuna."

"Hata huyu jike mkubwa?"

"We choma, mwanangu. Watu wanakusubiri huko."

Akaliangalia tumbo la yule jike. Akaniangalia mimi. Akachoma.

Basi, baada ya masikio kikaja kikohozi. Baada ya kikohozi, vifo. Kwangu, kwa Mama Redio, kwa nyumba mbili za bondeni. Kila palipokuwa na msiba, sindano ilikuwa imepita, na yale maneno yangu matatu yakapata miguu, yakatembea mtaa mzima. Mkwe wangu akapewa jina. Daktari Kaburi.

Siku moja, jua bado liko juu, ameniwekea miguu kwenye beseni ananikata kucha, akasema bila kuinua kichwa:

"Leo wamenifungia geti, mama. Mmoja kanimwagia maji ya vyombo."

Nikauchuna.

Mwanamke ameshika mguu wangu mikononi mwake, nami nikauchuna.

Mkutano ukaitwa barazani kwa fundi cherehani, naye ni mwanakikundi. Daktari mkuu wa mifugo alikuja mwenyewe. Alikuwa amepima damu ya wagonjwa.

"Ni kirusi," akasema. "Na kilikuwemo kabla ya chanjo."

"Kirusi gani kinasubiri sindano ndiyo kiue?" akauliza Mama Redio. "Kilikuwa kinaogopa?"

Watu wakacheka. Daktari akamwachia mkwe wangu ajibu.

Akasimama. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa dawa anayooshea buti kila atokapo banda moja kwenda jingine.

"Mwili wa nguruwe una walinzi," akasema taratibu. "Kwenye mapafu wako wengi. Ugonjwa ukiingia, wanaumeza. Kirusi hiki hakipigani nao kwa nje. Kinaingia ndani ya mlinzi mwenyewe, kinazaana humo, mlinzi anakufa. Nguruwe kwa macho anaweza kuonekana mzima, lakini nyumba haina mlinzi. Basi kile kikohozi ambacho siku zote kinampitia tu, safari hii kinamuua."

"Na chanjo yako ilikuwa wapi?" Mama Redio akauliza tena.

"Chanjo haipigani, mama. Chanjo ni kuwaonyesha walinzi picha ya mwizi, ili siku akija wamjue. Sasa ukimwonyesha picha mlinzi aliyekwisha kufa, ataona nini?"

Hapo kicheko kikaisha.

Fundi cherehani akatoa pini mdomoni. "Mbona wangu walichomwa sindano ileile, na wanakula hadi mbao za banda?"

Mimi nilijua. Huyu fundi anafuga wa kunenepesha tu, wote wamehasiwa. Kwake hakuna wa kuolewa. Bwana Harusi hajawahi kukanyaga kwake.

Mkwe wangu naye alijua. Niliona, maana aligeuza macho yakanifikia, kisha akayatoa haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta lina mtu.

"Tuambie basi," Mama Redio akasema, "hicho kirusi kilifikaje kwetu? Kilipanda basi?"



"Huenda ni buti zangu," mkwe wangu akasema. "Pengine sikuziosha vizuri."

Daktari mkuu akanyoosha mkono. "Kama ni hivyo, sanduku nikabidhi. Kazi hii huwezi kuendelea nayo."

Akaanza kuuvua mkanda begani.

Nikasimama. Sijui ni nani aliyeniinua, kiuno chenyewe mnakijua.

"Huo mkanda uache hapohapo," nikasema. "Jike wangu alitupa mimba kabla hata ya chanjo. Nilivizika vitoto nyuma ya bafu, chini ya jiwe la kufulia. Nikaendelea kumtoa dume. Niliulizwa, nikasema hakuna. Na lile neno la sindano mlilisikia kwa Mama Redio. Yeye alilisikia kwangu."

Nilitegemea matusi. Ningeyapokea, ningeshukuru.

Hakuna aliyenitukana. Mama Redio, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimfahamu, aliinama akaanza kuokota nyuzi sakafuni kwa fundi, moja moja, kama ndiyo kazi iliyomleta.

Bwana Harusi alipimwa, akakutwa na kirusi. Alikokitoa hatujui. Walimchinja wakamzika shimo refu, bila mtu kuonja nyama. Mabanda yetu yakaoshwa, yakaachwa wazi.

Siku ile ya mkutano, njiani kurudi nyumbani, mkwe wangu alinishika mkono, kwa sababu kuna mfereji wa kuvuka.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Baada ya chanjo, wagonjwa walipoanza. Mbwa alifukua pale pembeni ya jiwe, nikaviona. Nikafukia upya, nikamwaga chokaa."

"Na hukusema."

"Nilikuuliza, mama. Sijui nilikuuliza mara ngapi. Nilitaka ukweli utoke kwako."

"Na kama nisingesimama leo?"

Tulivuka mfereji kwanza.

"Ningetafuta kazi nyingine," akasema. "Mama mkwe mwingine ningemtoa wapi?"

Mkono wake nilitamani kuuachia, si kwa hasira. Sikustahili kushikwa. Sikuuachia, maana ningeanguka.

Leo nguruwe sina. Asubuhi nalifagia banda lisilo na mtu, napita karibu na lile jiwe, siku hizi tunafulia mahali pengine. Mama Redio ananisalimia kwa mbali. Uji bado napikiwa, na kila bakuli likiwekwa mbele yangu nashindwa kumtazama aliyeliweka.

Ninyi mnaofuga, mkiulizwa kama kuna mgonjwa, semeni, hata kama heshima yenu itaondoka na jibu hilo. Yangu niliificha chini ya jiwe, na yule aliyekuwa ananilinda ndiye niliyekuwa namla kwa ndani.