Bizari ya Pilau na Karatasi za Karibi

Nikisimulia haya watu hunicheka, na wana haki yao. Mwenye akili katika kisa hiki ni mtu yeyote umtakaye isipokuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Unguja mwaka wa sitini na nne na begi moja na Kiingereza cha darasa la nane, na hapa Maskati kila aliyeniuliza kazi yangu nilimjibu mkalimani. Ukweli nilikuwa nabeba mizigo forodhani. Lakini nilikuwa nabeba kwa lugha tatu.

Mgeni mwenyewe nilimpata hapo hapo forodhani, siku meli ya Bombay iliposhusha abiria. Mtu mweusi, mrefu, suti ya kijivu, jasho mpaka kwenye tai. Makuli wote tukamwamkia kwa Kiswahili. Akatabasamu, hajibu.

"Huyu kajitia Uzungu," mwenzangu mmoja akasema. "Muulize kwao Ng'ambo ya Unguja mtaa gani."

Nikamuuliza. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kwao ni kisiwani kweli, ila si kisiwa chetu. Kwao Karibi, upande wa pili wa dunia. Kule walipanda miwa kama sisi tulivyopanda karafuu, na waliotawala walikuwa Waingereza wale wale.

"Basi na nyinyi mmefukuzwa?" nikamuuliza.

"Bado," akasema.

Nikampenda pale pale, nikamchukulia begi lake bila kumtajia bei. Nikampeleka Wadi Kabir kwa shangazi yangu, aliyekuwa na chumba cha nje cha kupangisha. Wadi Kabir ya siku zile usiifananishe na hii ya magereji. Ilikuwa vibanda, mitende na mbwa.

Njiani akanieleza shida yake. Alikuwa anaandika historia ya kisiwa chao tangu kilipotawaliwa, na chuo kimoja huko Ulaya kilimpa fedha za utafiti. Sasa kulikuwa na hakimu wa Kiingereza aliyefanya kazi kule Karibi zamani, akakusanya makaratasi ya watu waliomtangulia, halafu uzeeni akaja kuajiriwa Maskati, akafia hapa. Kaacha sanduku la makaratasi. Ndani ya sanduku, mgeni aliamini, mlikuwa na daftari la shamba moja la miwa la wakati wa utumwa, watu wote wameorodheshwa na kazi zao. Bibi wa bibi yake alikuwa mtumwa katika shamba lile. Kwao walijua jambo moja tu kuhusu yeye, kwamba alikuwa mpishi wa nyumba kubwa na hapakuwa na mpishi mwingine. Jina lake hakuna aliyelijua. Fedha alipewa aandike habari za sukari na meli, na hizo angeziandika, lakini alichokijia hasa ni ukurasa ule mmoja. Na serikali ilimpa ruhusa ya siku arubaini, basi.

Sanduku tulilipata siku ya tatu. Lilikuwa Matrah, dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyekulia Unguja, anazungumza Kiswahili kizuri kuliko changu. Alilinunua mnadani pamoja na vitu vingine vya marehemu. Limefunguliwa, liko chini ya kaunta, na makaratasi ya hakimu anafungia bizari.

Mgeni alishika ukingo wa kaunta. Mimi nikaanza kazi.

"Bwana, tuuzie hizo karatasi."

"Karatasi siuzi. Nnauza bizari."

"Zote kwa pamoja. Taja bei yako."

"We kijana, hapa mtu akivuta sigara barabarani anaulizwa. Nimuuzie mgeni makaratasi ya Kiingereza, kesho niitwe kwa wali, mkuu wa mji, nieleze yameandikwa nini, na mimi kuyasoma sijui? Bizari namuuzia yeyote, wali hana neno. Karatasi anaipata bure juu yake."

Mgeni akasema basi tununue bizari. Ratili moja, karatasi moja. Akaomba achague karatasi, akakataliwa. Yule bwana alichukua ya juu, kisha inayofuata, kama anayegawa karata. Ikawa hakuna njia ila kuinunua bizari ya pilau mpaka tufike kwenye daftari.

Siku ya kwanza ratili saba. Siku ya pili tisa. Chumba kikanuka Idi. Mgeni alisoma, akanakili, na alichokitafuta hamna: mifereji, ugonjwa wa miwa, gavana anamlalamikia askofu. Wiki ilipokwisha akawaandikia simu ya maandishi wafadhili wake awaeleze matumizi. Nauli, wino, bizari ratili thelathini na nane. Majibu yalikuja kwa maneno mawili. Niliyaona mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekwenda kuyachukua: FAFANUA BIZARI.

"Waambie ni karatasi," nikamwambia.

"Siwezi kuwadanganya wafadhili."

Akafafanua, kwa simu nyingine ndefu iliyommaliza mfukoni. Wakamjibu kwamba mfuko wao haugharimii vyakula, na fedha zimesimamishwa mpaka atakaporudi ajieleze.

Hapo ndipo shangazi alipoingia. Alisukuma mlango wa chumba cha nje, akaona mafungu ya bizari yamefika dirishani.

"Nyinyi mnafungua mkahawa?"

Nikamweleza yote. Si yote. Nilimwambia mgeni anatafuta jina la bibi yake katika makaratasi ya zamani ya kisiwa chao. La utumwa nililiruka. Nitawaambia kwa nini tukifika.

Shangazi akakaa juu ya begi la mgeni, akafikiri. "Bizari sote tunanunua," akasema. "Sisi tuliotoka Unguja hapa tu nyumba kumi na moja. Tutoe sisi, bizari tuile sisi, karatasi achukue yeye. Ila mwambie kila alasiri tusomewe. Hatuwezi kutoa fedha hatujui zimetusomea nini."

Na hivi ndivyo historia ya visiwa vya Karibi ilivyofadhiliwa na pilau ya Wadi Kabir. Nyumba kumi na moja zikala pilau Jumamosi, zikala Jumapili, zikala mpaka mume mmoja akanishika bega njiani akaniuliza, kwa upole kabisa, hicho kisiwa ni kikubwa kiasi gani.

Kila alasiri mgeni alikaa ukumbini kwa shangazi, kina mama nyuma ya pazia, Bibi mpishi wetu akipita mlangoni, mimi katikati na karatasi. Anasoma Kiingereza, mimi natia Kiswahili. Nilichokijua nilikifasiri, nisichokijua nilikitengeneza. Pakija ushuru wa pombe, nasema ushuru wa asali. Gavana akiugua tumbo nampa nyumbu amwangushe, maana tumbo halina utamu. Kina mama walimpenda sana gavana. "Leo yule mwizi kafanya nini?" wanauliza kabla sijakaa.

Mwisho wa wiki ya tatu, sanduku bado nusu, nikapata akili. Nikasema, kama kila kifuko kinakuja na karatasi yake, kwa nini ninunue ratili? Ninunue vifuko vidogo vidogo. Bizari kidogo, karatasi nyingi. Sikumwambia mtu, nilitaka nisifiwe. Nikaenda Matrah peke yangu.

"Nipe vya baisa mbili mbili," nikamwambia yule bwana. "Vifuko hamsini."

Akanitazama. Akavuta droo, akatoa kisu, akachukua bunda la karatasi za hakimu, akalikata nne.

"Bwana, unafanya nini?"

"Mtu akitaka bizari kidogo, karatasi kubwa ya nini?"

Kuanzia siku ile Karibi ikaja kwa robo. Bunda zima lilikuwa limeshakatwa na kuchanganyika, na vifuko nilivigawa kwa nyumba zote kumi na moja kabla mgeni hajajua. Sentensi ya gavana inaanzia kwa shangazi, inamalizikia nyumba ya tatu kutoka msikitini. Kila asubuhi nazunguka kuomba makaratasi matupu, mchana mgeni na mimi tumepiga magoti mkekani na gundi ya unga wa ngano. Hakunigombeza. Alikuwa akiniambia tu, "Juu kidogo. Geuza. Hapana, hiyo ya mfereji."

Siku ya thelathini na tano robo tatu zikakaa pamoja. Ulikuwa ukurasa wa shamba. Robo moja wanaume, robo ya pili watoto, robo ya tatu watu wazima wasiojiweza, na chini yao nyumbu. Kila mmoja na kazi yake, na thamani yake kwa pauni. Robo ya nne, ya wanawake, haipo.

Alasiri ile akaniomba kitu. Niyasome majina yote taratibu, nisiruke hata moja, na niwaambie kina mama ni watu gani hawa.

Neno la mtumwa kwa Kiingereza nilikuwa nalijua. Hilo hata darasa la nne tulifundishwa. Lakini nyuma ya pazia lile walikaa wake na mabinti wa watu wa mashamba ya karafuu. Babu zao walikuwa na watu wao, na mambo hayo kwetu hayatajwi, si ukumbini, si popote. Nikaona nikilitaja hapa, leo hii bizari imekwisha, na robo ya nne hatuipati. Hivyo nilijiambia. Kweli yenyewe niliogopa tu, nimezoea kuchekesha na hili halikuwa na mahali pa kuchekea.

Nikasafisha koo. "Hii," nikasema, "ni orodha ya harusi. Waliohudhuria, na walichotunza."

Nikayasoma majina kama yalivyoandikwa.

"Pauni arubaini!" mmoja akasema nyuma ya pazia. "Watu walikuwa na uwezo."

"Na hao nyumbu?"

"Zawadi ya bwana harusi."

Wakapiga vigelegele. Pazia zima likatikisika. Mgeni akaniuliza wanasemaje. Nikamwambia wanawakaribisha watu wake. Akavua miwani, akaifuta, akashindwa kuivaa tena. Mimi nikatazama mkeka.

Zilibaki siku tano, na meli inakuja siku ya nne. Yule bwana wa Matrah akafungua sanduku nitazame mwenyewe, likawa tupu. "Zote umechukua wewe," akasema. Kwa hiyo robo ile ilikuwa ndani ya moja ya nyumba kumi na moja. Nikaanza kubisha milango, nikiuliza kipande chenye mistari mifupi ya orodha.

"Ile ya harusi?" wa kwanza akaniuliza. "Nshawashia makaa, mwanangu. Harusi ya watu walokufa zamani ya nini?"

"Ungalisema ya maana," wa pili akasema. "Za gavana nimeziweka zote, hizi hapa."

Kila nyumba hivyo hivyo. Za gavana, niliyemtia nyumbu na asali, walizokuwa wakinificha, zimekunjwa vizuri chini ya mito. Za harusi zimewashiwa moto, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia ni harusi. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa yetu. Shangazi akanionyesha seredani kwa kidole.

"Jana zilikuwepo tatu nne pale, za kuanzia moto. Sijui. Kwani ilikuwa na nini?"

Nikachutama juu ya lile jivu kama nimepoteza meno humo. Mgeni alikuwa kakaa kizingitini pa chumba chake, begi limefungwa, mikono juu ya magoti. Alinitazama usoni akaona, akageuka kutazama mitende.

Basi akatoka Bibi jikoni. Bibi alikuwa mpishi wa nyumba yetu kabla shangazi hajazaliwa. Unguja aliyepika alikuwa yeye, na huku shangazi akaja naye; tulimwita Bibi tu, jina la baba yake hatukuwahi kulisikia. Mkononi ana kipande cha karatasi, pembe moja imeungua, katikati doa la manjano. Akanipita mimi, akampa mgeni.

Majina tisa. Mgeni akashuka nayo kwa kidole, moja moja, akafika la sita. Mbele yake pameandikwa mpishi, na hapakuwa na mwingine. Akalisoma kwa sauti ndogo. Akalisoma tena. Halafu akainuka pale kizingitini, akamshika Bibi mikono yote miwili, na Bibi akaacha ashikwe, akimtazama kama anayesubiri mtoto amalize kulia aende akanawe.

Aliondoka na meli ile. Alisema katika kitabu chake atawashukuru mabibi wa Wadi Kabir mbele ya wafadhili, na mimi pia, kwa ukalimani. Nikamwambia asijisumbue. La harusi sikumwambia.

Meli ilipokwishaondoka nilirudi jikoni. Bibi anachagua mchele. Nikachezacheza na mfuniko wa sufuria, nikasema hili na lile, mwisho nikamuuliza alijuaje kama kile kipande ni cha kuokolewa motoni, na yeye kusoma hajui, na mimi nimewaambia wote ni harusi.

"Nilikuwa mlangoni siku ile unasoma," akasema, na mkono wake unaendelea na mchele. "Karatasi yako ilikuwa na mistari mifupi mifupi, na kile kipande hivyo hivyo. Umetaja watu wangapi, thelathini, arubaini. Hamna bin, hamna binti. Harusi gani hiyo, mwanangu, watu wote hawana baba?"